Kipozamataza wa Engikaret na mpingo: ngazi mbili, kipimo kimoja

Swali. Shikamoo, Mwalimu. Ninasoma mwaka wa pili katika chuo cha waongoza watalii hapa Moshi. Tumepewa kazi ya kulinganisha ndege mwimbaji mmoja na mmea mmoja unaotoa maua, wote wa kanda yetu, kwa uainishaji wao na kwa hali yao ya uhifadhi. Nimechagua yule kipozamataza wa Engikaret na mti wa mpingo. Mwenzangu mmoja anasema viumbe hawa hawalinganishiki, kwa kuwa mmoja ni mnyama na mwingine ni mmea. Mwingine anasema jibu liko wazi: mpingo ndio ulio hatarini zaidi kwa sababu umewekewa mkataba wa kimataifa, wakati ndege huyo kwenye kitabu chetu ameandikwa kuwa hana tatizo. Nani amesema kweli, nami nianzie wapi?

Jibu. Marahaba. Umechagua vizuri kuliko unavyodhani, maana viumbe hao wawili wamekaa pale pale ambapo kazi ya namna hii huwakwaza hata watu waliosoma kwa miaka mingi. Mwenzako wa kwanza yuko karibu na ukweli katika uainishaji, lakini amepotea katika uhifadhi. Ngazi za uainishaji wa wanyama na za mimea zina majina yaleyale, yaani oda, familia, jenasi na spishi, lakini hazipimi kitu kimoja. Madaraja ya hatari ya kutoweka nayo yana majina yaleyale kwa wanyama na kwa mimea, na hayo kwa kweli yanapima kitu kimoja. Mwenzako wa pili amechanganya orodha mbili zenye kazi tofauti, na tena hakukiuliza kitabu chenu kinamhesabu ndege huyo kuwa ndani ya spishi ipi.

Nianze na ndege, kwa sababu ndiye mwenye kesi.

Kipozamataza wako yumo katika himaya ya wanyama, faila ya Chordata, ngeli ya Aves, oda ya Passeriformes, familia ya Alaudidae, jenasi ya Chersomanes. Oda hiyo ya Passeriformes, ambayo kwa Kiswahili tumezoea kuiita ya ndege kama shomoro, ina zaidi ya nusu ya spishi zote za ndege duniani, ambazo jumla yake inakaribia 11,000. Ndani yake kuna nusuoda iitwayo Passeri, na hao ndio ndege waimbaji kwa maana ya kitaalamu. Hapa nakuomba uwe mwangalifu, kwa sababu mtahini yeyote anayejua kazi yake ataangalia kama umeielewa maana hiyo. Ndege mwimbaji si ndege mwenye sauti tamu. Ni ndege ambaye kiungo chake cha sauti, sirinksi, kilichopo pale bomba la hewa linapogawanyika kuelekea kwenye mapafu, kina misuli mingi midogo inayotawaliwa kwa ufundi mkubwa, na ambaye kwa kawaida hujifunza wimbo wake kwa kuwasikiliza wakubwa. Kwa kipimo hicho kunguru anayepiga kelele kwenye jalala la soko ni ndege mwimbaji halali, na njiwa anayelia kwa upole juu ya bati lako si mwimbaji hata kidogo. Nimewahi kumwona mgeni akikasirika kabisa alipoambiwa hivyo, lakini uainishaji hufuata ukoo wala hauangalii tunachokipenda.

Sasa njoo kwenye jenasi, ndipo mambo yanapokuwa mazito. Spishi iliyojulikana kwanza katika jenasi hii ni Chersomanes albofasciata, iliyoelezwa na Lafresnaye mwaka 1836 kutoka kusini mwa Afrika. Ni ndege wa nyanda kavu za Afrika Kusini, Botswana, Namibia na Angola, anatambulika kwa ukucha mrefu ulionyooka wa kidole cha nyuma na kwa mkia mfupi wenye ncha nyeupe. Kwa muda mrefu hakuna aliyemtarajia Afrika Mashariki. Kisha akapatikana kwenye uwanda mkavu ulioko kaskazini mwa Mlima Meru, kiasi cha kilomita 2,000 kutoka kwa ndugu zake wa karibu zaidi, na mwaka 1966 Benson akamwandika kama nususpishi mpya, Chersomanes albofasciata beesleyi, kwa heshima ya Beesley. Baadaye baadhi ya wataalamu, wakitazama umbo, sauti na vinasaba, wamemtoa ndani ya spishi ya kusini na kumpa hadhi yake mwenyewe, Chersomanes beesleyi. Wengine wamembakiza alipokuwa. Orodha kubwa za ndege zinazotumika duniani hazijawa na kauli moja juu yake kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo sababu vitabu viwili vilivyoko kwenye rafu moja ya maktaba yenu vinaweza kukupa majina mawili.

Kama hujamwona, nenda. Unatoka Arusha kwa barabara ya Namanga, unapita Ngaramtoni, unapita Oldonyo Sambu, nchi inashuka na kukauka ghafla kana kwamba umevuka mpaka, na hapo ndipo Engikaret. Ni uwanda wa majivu ya volkano na nyasi fupi zilizong'atwa na mbuzi, na ukifika jua likiwa limepanda utaona vumbi tu. Fika asubuhi, kabla upepo haujaanza. Ndege hawa hutembea katika vikundi vidogo, wanakimbia hatua kadhaa, wanasimama wima mno, shingo imenyooka kama mtoto anayechungulia juu ya ukuta, halafu wanainama kuchokonoa mdudu chini ya kitonge cha udongo kwa mdomo mrefu uliopinda kidogo. Koo ni jeupe, tumbo lina rangi ya udongo mwekundu. Akiruka, utaona ule ukingo mweupe wa mkia kwa nukta moja, kisha anatua na kupotea mbele ya macho yako, kwa sababu mgongo wake na ardhi ni kitu kimoja. Vijana wa Kimaasai wa pale wanaijua mitaa yake kuliko mtu yeyote aliyeandika juu yake, na kuwalipa kwa kazi ya kukuongoza ni haki yao, si takrima.

Upande wa mpingo nitapita haraka zaidi, kwa kuwa hauna ugomvi wa jina. Ni Dalbergia melanoxylon, jina lililochapishwa na Guillemin na Perrottet mwaka 1832 katika kazi yao juu ya mimea ya Senegambia. Jenasi inawakumbuka ndugu wawili wa Sweden walioitwa Dalberg, na neno la pili kwa Kigiriki ni mti mweusi, ambalo angalau halihitaji maelezo. Yumo katika himaya ya mimea, kundi la mimea itoayo maua, oda ya Fabales, familia ya Fabaceae, yaani jamii ya mikunde. Watu wengi wanaojua mbao za mpingo hawajawahi kuliona ua lake, na hapo ndipo kazi yako inapotaka macho, maana umeambiwa mmea unaotoa maua wala hukuambiwa mbao. Ua ni dogo, jeupe, lenye harufu nzuri, nayo hutoka kwa mafungu, na nyuki huyapenda. Kama mpingo uko mbali nawe, chukua ua la maharage shambani, ulifungue taratibu kwa ukucha: utaona petali moja kubwa iliyosimama nyuma, mbili za pembeni kama mabawa, na mbili za chini zilizoungana kama mkuku wa mashua. Ua la mpingo limejengwa kwa ramani hiyohiyo, kwa udogo. Na ukitaka kuwashangaza wenzako, waambie kwamba ndani ya familia hiyo kuna kabila la mimea liitwalo Dalbergieae, ambamo mpingo, mninga na karanga hukaa pamoja. Karanga ya kukaanga mfukoni mwako ni ndugu wa karibu zaidi wa kinyago cha mpingo kuliko maharage yaliyoko sahanini.

Sasa weka ngazi hizo mbili kando kwa kando, uone zinavyodanganya. Familia ya Alaudidae ina spishi kiasi cha 100. Familia ya Fabaceae ina spishi zipatazo 19,500. Maana yake ni kwamba familia moja ya mimea ina spishi nyingi kuliko ndege wote wa dunia hii, kuanzia mbuni hadi chozi. Ukiandika katika kazi yako kwamba kiumbe mmoja ni wa familia hii na mwingine ni wa familia ile, na kwa hiyo wako sawa kwa ngazi, utakuwa umelinganisha kitongoji na bara kwa sababu vyote vinaitwa sehemu. Hakuna sheria inayosema familia iwe na umri gani au ukubwa gani. Kila ukoo wa wataalamu ulijijengea mazoea yake, na tunachoweza kudai kwa uhakika ni ukoo tu, yaani kwamba wote waliomo ndani ya kundi wametokana na mzazi mmoja wa zamani. Kwa hiyo linganisha ndege wako na ndege wengine na mti wako na miti mingine, na juu kabisa useme mahali wanapokutana: wote wana seli zenye kiini, na mzazi wao wa mwisho wa pamoja aliishi zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita.

Hata kanuni za kuwapa majina ni mbili, wala haziulizani. Majina ya wanyama huhesabiwa kuanzia kazi ya Linnaeus, mwanzilishi wa mfumo huu wa majina, ya mwaka 1758, ya mimea kuanzia ile ya mwaka 1753. Familia ya mnyama huishia na -idae, ya mmea na -aceae, nawe ukikosea hapo msahihishaji hatakusamehe. Kwa kuwa kanuni hazikutani, jina moja la jenasi linaweza kutumika pande zote mbili bila kosa: Oenanthe ni jenasi ya ndege waimbaji, na Oenanthe ni jenasi ya mimea itoayo maua ya jamii ya karoti. Ndege wa Oenanthe, yule mwenye kofia nyeusi na ukanda mweusi kifuani, anasimama juu ya vichuguu katika nyanda hizo hizo za kaskazini mwa Arusha. Wanyama wanaruhusiwa hata kurudiwa jina, na yupo ndege aitwaye Oenanthe oenanthe. Katika mimea jambo hilo limekatazwa kabisa. Sisemi hayo kwa kujionyesha. Nimeona kazi za wanafunzi zilizochanganya viumbe hao kwa sababu mtandao uliwaletea picha ya ndege walipotafuta mmea.

Twende kwenye hali ya uhifadhi. Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, ilianza mwaka 1964, na vigezo vyake vya sasa vinatumika kwa mnyama, mmea na kuvu, isipokuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kuna madaraja ambayo kwa Kiswahili nayaita wasiwasi mdogo, karibu na hatari, hatarini kiasi, hatarini kutoweka, na hatarini mno kutoweka, kisha yale mawili ya msiba, yaani kutoweka porini na kutoweka kabisa. Pembeni yapo mawili ambayo wanafunzi huyasoma vibaya kila mwaka: taarifa pungufu, na haijatathminiwa. Kiumbe ambacho hakijatathminiwa hakijasemwa kuwa salama. Kimenyamaziwa.

Vigezo ni vitano, navyo ni vya namba. Kimoja kinapima kasi ya kupungua, kingine ukubwa wa eneo linalokaliwa pamoja na dalili za kumeguka, vingine udogo wa idadi, na cha mwisho ni hesabu ya uwezekano wa kutoweka. Ili kiumbe kihesabiwe hatarini kiasi kwa udogo wa idadi peke yake, lazima wakubwa wenye uwezo wa kuzaa wawe chini ya 1,000. Hatarini kutoweka, chini ya 250. Hatarini mno, chini ya 50. Kwa upande wa kupungua, mpaka ni asilimia 30, 50 na 80 pale sababu za upungufu zinapokuwa hazijakoma. Kizingiti cha ndege na cha mti ni kilekile. Hapa ndipo mwenzako wa kwanza anaposhindwa, kwa sababu tukisema ndege fulani na mti fulani wote wako hatarini kutoweka, tumesema jambo moja kwa kipimo kimoja, jambo ambalo hatuwezi kulisema tukitaja familia zao.

Kipimo ni kimoja, lakini saa za viumbe hao ni mbili, na hilo ndilo ningependa ulielewe kuliko yote. Kupungua hupimwa kwa kipindi cha miaka 10 au vizazi vitatu, kile kilicho kirefu zaidi. Kizazi maana yake ni wastani wa umri wa wazazi waliopo. Kwa kijindege kama kipozamataza, vizazi vitatu vinamalizika upesi, kwa hiyo dirisha lake la kupimia ni miaka kumi hivi, na mtu mmoja mwenye daftari na subira anaweza kulifuatilia mwanzo hadi mwisho. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuchanwa mbao. Hata tukisema mti huanza kuzaa mbegu mapema zaidi, na tukaweka kizazi kimoja kuwa miaka 30 kwa mfano tu, dirisha lake litakuwa miaka 90, yaani upimaji wa leo ungetutaka tujue mipingo ilikuwa mingapi wakati wa Mwingereza. Mzee wa kijiji anayekumbuka mahali ambapo babu yake alikata mpingo wa kutengeneza mchi anatoa ushahidi unaohitajika, wala hatoi hadithi ya kujifurahisha.

Mpingo kwa sasa umewekwa daraja la karibu na hatari. Wengi wakisikia hivyo wanashangaa, kwa sababu wametembea nyanda kavu za chini ya Moshi na hawakuuona mpingo wa maana. Lakini spishi hii imeenea kutoka Senegali hadi Eritrea na kushuka hadi kusini mwa Afrika, na bado kuna mipingo mingi michanga, yenye miiba, iliyopinda, isiyofaa kwa fundi yeyote. Tofautisha basi kuisha kibiashara na kutoweka. Kule Kenya wachongaji walilazimika zamani kugeukia jakaranda na mwarobaini kwa sababu mpingo mnene ulikuwa haupatikani, na spishi yenyewe haikuwa imetoweka. Huku kwetu mbao nzuri zimebaki kutegemewa kutoka kusini, Lindi na jirani zake, ambako ndiko zinakotoka nyingi za kutengenezea klarineti, obo na zumari za mfuko. Hapa Moshi juhudi za kuotesha miche zina historia ndefu kiasi. Sebastian Chuwa, mwana wa Kilimanjaro aliyefariki mwaka 2014, alianzisha pamoja na James Harris wa Marekani mradi wa uhifadhi wa mpingo mwaka 1996, na sehemu ya miti unayoiona shuleni leo ni matokeo ya kazi ya namna hiyo. Mti uliooteshwa 1996, hata hivyo, bado ni mtoto mbele ya msumeno.

Uchache huo wa mti mnene unaonekana sokoni. Siku moja nilinunua kinyago katika duka moja la Arusha, ambalo sitalitaja, nikiwa na haraka ya kumpelekea mgeni zawadi. Kilikuwa cheusi kila mahali, hata ndani ya mikunjo ya vidole, na hilo peke yake lilitakiwa kunizindua. Nyumbani nilikwangua kitako kwa ufunguo, ikatoka mbao ya njano nyepesi, na kidole kikabaki na weusi wa kiwi ya viatu. Mpingo halisi una kiini cheusi chenye zambarau kwa mbali, na ngozi yake ya nje ya mbao ni nyembamba na ya rangi ya maziwa. Fundi mwaminifu mara nyingi huiacha mstari mmoja ili uione. Ni mzito kiasi kwamba ukiuweka kwenye beseni la maji unazama. Kile changu kilielea kama kifuu.

Sasa juu ya mkataba. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyamapori na mimea, ziliiweka jenasi nzima ya Dalbergia katika Kiambatisho cha Pili, na uamuzi ukaanza kutumika tarehe 2 Januari 2017. Mpingo uliingia pamoja na ndugu zake wote, isipokuwa ule wa Brazil, Dalbergia nigra, uliokuwa tayari katika Kiambatisho cha Kwanza tangu 1992. Sababu kubwa ilikuwa kwamba mbao za spishi mbalimbali za jenasi hiyo zinafanana mno zikishachanwa, na mahitaji ya samani za kifahari barani Asia yalikuwa yanazimaliza kwa zamu. Afisa wa forodha asingeweza kutofautisha gogo lililokatazwa na lililoruhusiwa. Kuwa katika Kiambatisho cha Pili hakumaanishi kwamba spishi inakaribia kutoweka. Kunamaanisha kwamba biashara yake kuvuka mipaka inahitaji kibali, baada ya mamlaka za nchi kuridhika kuwa uvunaji ni halali na hauidhuru spishi porini. Mwewe anayenyakua vifaranga vya mama yako yumo katika kiambatisho hichohicho kwa kuwa karibu jamii yote ya ndege mbuai wamo, na katika Orodha Nyekundu ana wasiwasi mdogo tu. Mwenzako wa pili angetumia hoja yake kwa mwewe, angejikuta anamlilia ndege aliyejaa juu ya kila machinjio.

Kwa kuwa utakuwa muongoza watalii, ongeza hili, litakusaidia kazini. Mwaka 2019, mjini Geneva, masharti yalilegezwa: ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika hitaji la kibali cha CITES, na bidhaa nyingine zilizokamilika zinaruhusiwa zikiwa na mbao ya spishi hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo. Mgeni mwenye kinyago kimoja mkobani hana sababu ya kutetemeka kwa ajili ya mkataba huo, ingawa sheria za misitu za nchi yetu na za nchi anakokwenda zinabaki pale pale.

Tumrudie kipozamataza. Kitabu chenu kimeandika kwamba hana tatizo, na hakikusema uongo kwa mujibu wa jina kilichotumia. Kikimhesabu kuwa nususpishi ya Chersomanes albofasciata, basi anafunikwa na tathmini ya spishi nzima, ambayo imeenea kusini mwa Afrika na iko daraja la wasiwasi mdogo. Ndege mwenye uwanda mmoja amevikwa shuka la ndugu aliyeko kilomita 2,000. Kikimhesabu kuwa spishi kamili, shuka linaondoka na swali linaulizwa upya: wakubwa wangapi, eneo kubwa kiasi gani, mahali pangapi, na je, kuna jambo moja linaloweza kuwapata wote kwa pamoja, kama vile uwanda kulimwa au kujengwa? Kigezo cha udogo wa idadi kina kifungu maalumu kwa viumbe walio mahali pasipozidi patano hivi na wenye tishio la kweli, na ndege wa namna hii ndio kilichoandikiwa. Orodha Nyekundu inaweza kutathmini nususpishi pia, lakini kwa ndege shirika la BirdLife International, ambalo ndilo mamlaka yake, hufanya kazi kwa ngazi ya spishi. Kwa hiyo mstari mmoja unaochorwa na waainishaji katika makumbusho unaweza kumhamisha ndege kutoka daraja moja hadi lingine bila yeye kupoteza hata unyoya. Usiruke, hata hivyo, ukamwandikia hatarini mno kwa huruma yako; daraja hutolewa na hesabu.

Katika jedwali lako basi, mbele ya jina la ndege andika wazi kwamba wataalamu wanamhesabu kwa namna mbili na useme wewe umefuata ipi, kisha uandike hali inayofuatana na namna hiyo, na usichukue jina kutoka kitabu kimoja na hali kutoka kingine. Mbele ya mpingo andika karibu na hatari chini ya Orodha Nyekundu, na katika safu tofauti kabisa andika Kiambatisho cha Pili cha CITES. Ukiziunganisha safu hizo mbili utarudi kwenye kosa la mwenzako. Majina ya jenasi na spishi yalaze, jenasi ianze na herufi kubwa na spishi na ndogo, hata kama neno limetokana na jina la mtu kama beesleyi. Ndege katika safu ya CITES ya jedwali lako weka kistari tu, maana vipozamataza hawamo humo.

Mwalimu wenu akiuliza yupi kati ya wawili hao ungemlinda kwanza kama ungepewa fedha za mmoja tu, mimi ningempa ndege, kwa kuwa mpingo una nchi nyingi za kujaribu na yeye ana uwanda mmoja ulioko kando ya barabara ya lami. Lakini hilo ni langu. Nenda Engikaret kwanza, kabla ya jua kupanda, ndipo uandike lako.